Mpira, Njumu na Ushuru: Historia ya Ushawishi wa Kibiashara na Bidhaa za Michezo Kakamega

Kakamega ni miongoni mwa maeneo ya Kenya yaliyojenga sifa yake juu ya michezo, kwani shule zake zimelea vizazi vya wanasoka, uwanja wake wa Bukhungu umepokea mashindano ya kimataifa, na klabu ya AFC Leopards, ingawa makao yake ni Nairobi, inahesabiwa na wenyeji kuwa yao. Hata hivyo, vifaa vinavyotumiwa katika michezo hiyo, yaani mipira, njumu, raba na jezi, kwa sehemu kubwa vimetoka nje ya eneo hilo, na bei yake imeamuliwa na ushuru uliopangwa Nairobi, Arusha, London au Washington. Kila ushuru una historia ya watu waliouomba na watu walioupinga. Mara nyingi watu hao walifanya kazi kupitia vyama vya kibiashara, ambavyo ni jumuiya za wenye viwanda au wafanyabiashara wa aina moja waliochanga fedha na hoja ili kuishawishi serikali itunge sheria, iweke kodi au iondoe vikwazo kwa namna itakayowafaa. Ushawishi wa aina hiyo ni tofauti na rushwa, kwa kuwa hufanywa kwa barua, kwa takwimu na kwa vikao vinavyotambuliwa. Historia inayofuata inaonyesha jinsi ushawishi huo ulivyoathiri bidhaa za michezo katika eneo ambalo lilikuwa na wanunuzi wengi kuliko watengenezaji, na kwa nini sauti ya wanunuzi hao ilichelewa kusikika.

Misheni, reli na maduka: 1902 hadi 1930

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwishoni mwa 1901, nchi iliyo kaskazini ya mji huo, ambayo serikali ya kikoloni iliiita Kavirondo ya Kaskazini, iliunganishwa na bandari ya Mombasa kwa safari ya siku chache. Wamisionari walifuata mara moja: Waquaker wa Marekani, wanaojulikana kama Marafiki, walifungua kituo Kaimosi mwaka 1902, Wakatoliki wa shirika la Mill Hill wakaingia Mumias na Mukumu katika miaka iliyofuata, na Waanglikana wakafika Butere mwaka 1912. Shule za misheni zilifundisha kandanda pamoja na kusoma na useremala, kwa kuwa walimu wake waliuona mchezo huo kuwa njia ya kujenga nidhamu. Mpira wa ngozi ulikuwa mali ya shule. Nje ya uwanja wa shule, watoto walicheza kwa mpira waliousokota kwa majani makavu ya migomba na matambara, na wachezaji wengi, hata wa timu kubwa, walicheza miguu mitupu.

Makao ya wilaya yalipohamishwa kutoka Mumias hadi Kakamega karibu na mwaka 1920, maduka ya Wahindi yalikuwa yameanza kuenea katika vituo vya biashara vya eneo hilo, yakiuza kaniki, chumvi, majembe na sabuni. Sabuni inastahili kutajwa kwa sababu kampuni ya kuitengeneza, William Gossage ya Uingereza, ndiyo iliyotoa kombe lililoshindaniwa na Kenya na Uganda kuanzia mwaka 1926, na hivyo kuonyesha mapema kwamba wenye viwanda walitambua faida ya kuuhusisha mchezo na bidhaa zao. Jambo lililokuwa na uzito zaidi lilitokea katika vyumba vya serikali. Mwaka 1922 kamati iliyoongozwa na afisa wa kikoloni Bowring, ambamo hoja za walowezi zilisikika kwa nguvu, ilipendekeza ushuru wa kuzikinga bidhaa za mashamba yao, zikiwemo unga wa ngano, sukari, siagi na mbao. Ushuru wa kukinga ni kodi inayotozwa bidhaa ya nje ili ya ndani iuzwe bila kushindwa kwa bei. Wakulima wa Kavirondo ya Kaskazini, ambao hawakuwa na mjumbe katika kamati hiyo, walilipa sehemu ya gharama ya kinga hiyo kila walipofika dukani. Kanuni iliyowekwa wakati huo, kwamba aliyejipanga ndiye huandikiwa ushuru unaomfaa, ingedumu muda mrefu kuliko ukoloni wenyewe.

Dhahabu na raba za Kijapani: 1931 hadi 1945

Dhahabu ilipogunduliwa karibu na Kakamega mwaka 1931, wachimbaji Wazungu walimiminika katika eneo hilo, na serikali ikakabiliwa na kizuizi cha sheria yake yenyewe, iliyopitishwa mwaka 1930, ambayo iliwaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao haingetwaliwa bila kufidiwa kwa ardhi nyingine na bila wenyewe kushauriwa. Wachimbaji na watetezi wao walishinikiza, na Desemba 1932 sheria hiyo ikarekebishwa ili ardhi ya madini itengwe kwa fidia ya fedha. Wakazi wa Kakamega walijifunza kwa njia ya uchungu kwamba kundi dogo lenye sauti linaweza kubadilisha sheria ndani ya miezi michache. Mgodi wa Rosterman ulioanza kazi katikati ya muongo huo, pamoja na migodi midogo, uliwaajiri maelfu ya vibarua, na mishahara yao ikaongeza fedha taslimu katika masoko. Mwaka 1932 pia ilianzishwa Shule ya Serikali ya Kakamega, ambayo baadaye ingekuwa chuo cha kandanda cha eneo zima.

Fedha hizo zilikutana na bidhaa mpya, kwani katika miaka ya 1930 viwanda vya Japani viliuza Afrika Mashariki nguo za pamba na viatu vya turubai vyenye soli ya mpira, ambavyo watu waliviita raba, kwa bei ambayo viwanda vya Uingereza havikuweza kuifikia. Wenye viwanda vya nguo vya Lancashire, Uingereza, kupitia vyama vyao, waliishawishi serikali ya London, na mwaka 1934 makoloni mengi ya Uingereza yaliwekewa mgao wa nguo za Japani, yaani kiwango cha juu kisichoruhusiwa kupitwa kwa mwaka. Afrika Mashariki iliepuka mgao huo kwa sababu ya mikataba ya Bonde la Kongo, ya mwaka 1885 na ya Saint-Germain ya mwaka 1919, ambayo iliyalazimisha mataifa yaliyotawala ukanda huo, hadi pwani ya Bahari ya Hindi, kutoza bidhaa za nchi zote ushuru ulio sawa. Maandishi ya kidiplomasia ambayo hayakumfikiria mnunuzi wa Kakamega yalimlinda dhidi ya ushawishi wa Lancashire, na raba nafuu zikaendelea kufika Kavirondo hadi Vita vya Pili vya Dunia vilipoikata biashara ya Japani.

Pengo lililoachwa na Japani lilijazwa na Bata, kampuni yenye asili ya Chekoslovakia iliyoingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930 na kujenga kiwanda chake Limuru. Kwa mara ya kwanza kiatu cha turubai kilichofaa kwa mazoezi ya viungo kilitengenezwa nchini, na pamoja nacho akazaliwa mwenye kiwanda wa ndani ambaye angekuwa na sababu ya kuomba kinga.

Viwanda vyapata sauti: 1945 hadi 1980

Baada ya vita serikali ya kikoloni ilianza kukubali kwamba Kenya ingeweza kuwa na viwanda, na mwaka 1959 wenye viwanda waliunda jumuiya iliyokuja kujulikana kama Chama cha Wenye Viwanda Kenya, kwa kifupi KAM. Mwaka 1965, baada ya uhuru, vyama vitatu vya wafanyabiashara vilivyokuwa vimegawanyika kwa misingi ya Wazungu, Waasia na Waafrika viliunganishwa kuwa Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Wenye Viwanda. Jumuiya hizo mbili zilitofautiana kwa tabia, kwa kuwa ya pili ilikusanya wafanyabiashara wa kila aina hadi mikoani, ilhali ya kwanza ilizungumza kwa niaba ya viwanda na ilikuwa na wataalamu wa kuandaa hoja za ushuru.

Muundo wa KAM unaeleza mengi kuhusu nafasi ya bidhaa za michezo. Chama hicho hugawa wanachama wake katika sekta, zikiwemo ngozi na viatu, nguo na mavazi, plastiki na mpira, pamoja na mbao na samani, lakini bidhaa za michezo hazina sekta yake. Mgawanyo huo unafanana na wa kitabu cha ushuru cha kimataifa, ambacho tangu mwaka 1988 kimepangwa kwa sura zinazotumiwa na karibu nchi zote: viatu, vikiwemo njumu na raba, vimo katika sura ya 64, jezi na kaptula zimo katika sura za 61 na 62, mipira, nyavu na vifaa vya mazoezi vimo katika sura ya 95 pamoja na vitu vya watoto vya kuchezea. Timu moja inayoingia uwanjani imevaa na kubeba bidhaa za sura tatu au nne, na kila sura ina watetezi wake, wasiokutana na wenzao wala kuujali mchezo wenyewe.

Katika miaka ya 1970 serikali ilifuata sera ya kuzalisha nchini bidhaa zilizokuwa zikiagizwa, na miongoni mwa zana zake ilikuwa cheti cha kutopinga, ambacho mwagizaji alitakiwa kukipata kutoka kwa mtengenezaji wa ndani wa bidhaa kama hiyo kabla ya kupewa leseni ya kuingiza mali. Utaratibu huo uliyapa makampuni ya ndani uwezo wa kumzuia mshindani kabla hajafika bandarini. Matokeo yake Kakamega yalikuwa ya pande mbili. Shule zilipata viatu vya turubai vya Limuru na sare za nguo zilizofumwa nchini, lakini bidhaa ambazo hazikuwa na mtengenezaji hodari wa ndani, kama njumu na mipira ya mechi, ziliingia kwa leseni na fedha za kigeni zilizokuwa adimu, zikabaki kuwa vitu vya klabu kubwa.

Kipindi hichohicho ndicho kilichoshuhudia mchezo ukikua kupita vifaa vyake. Mwaka 1964 klabu kadhaa za Waluhya waishio Nairobi ziliungana kuwa Abaluhya, klabu iliyompa mwanasoka Joe Kadenge jukwaa la umaarufu wake, na ambayo mwaka 1980, serikali ilipokataza majina ya kikabila, iligeuka kuwa AFC Leopards na kutwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mfululizo miaka ya 1982, 1983 na 1984. Kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973, kilileta mwajiri mkubwa aliyekuja kuwa mfadhili wa michezo. Ufadhili huo ulizoesha klabu kupata jezi na mipira kwa hisani ya kampuni, na kwa hiyo viongozi wa michezo hawakuwa na haja ya haraka ya kuuliza kwa nini vifaa hivyo vilikuwa ghali.

Soko lafunguliwa na wanunuzi wahamia kwenye mitumba: miaka ya 1990

Kwa shinikizo la Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, Kenya iliondoa leseni za kuagiza mali na vizuizi vya fedha za kigeni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nguo na viatu vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani vilianza kuingia kwa marobota, na katika muongo huo viwanda vingi vya nguo, kikiwemo cha KICOMI mjini Kisumu, vilifungwa. Wenye viwanda waliilaumu mitumba kwa anguko hilo, ingawa uchakavu wa mitambo, usimamizi mbaya, bei ya umeme na nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia pia vilichangia.

Kwa mwanamichezo wa Kakamega, mabadiliko hayo yalikuwa na maana tofauti. Kiatu cha mazoezi cha kampuni kubwa ya kimataifa, ambacho kikiwa kipya kingemgharimu mwalimu sehemu kubwa ya mshahara, sasa kiliweza kupatikana katika soko la mji au Lubao kikiwa kimevaliwa lakini imara, na wachuuzi wakajifunza kuchambua robota, wakitenga daraja la kwanza, waliloliita kamera, kwa wateja wenye fedha. Njumu zilifika kwa njia hiyo hadi kwenye timu za vijiji. Soko la vifaa vya michezo likawa limejengwa juu ya masalio ya viwanda vya mbali, na pamoja nalo likazaliwa tabaka la wachuuzi wengi ambao kwa muda mrefu hawakuwa na chama cha kuwasemea.

Vyama vya dunia na mkataba wa Atlanta: 1978 hadi 1997

Wakati Kenya haikuwa na chama cha bidhaa za michezo, sekta hiyo ilikuwa imejipanga vizuri kwingineko. Marekani ilikuwa na chama cha watengenezaji wa bidhaa za michezo chenye asili ya mwaka 1906, ambacho kazi yake ilijumuisha kuwashawishi wabunge kuhusu ushuru wa viatu na vifaa, na mwaka 1978 liliundwa Shirikisho la Dunia la Sekta ya Bidhaa za Michezo, kwa kifupi WFSGI, ambalo makao yake yako Uswisi.

Nguvu na mipaka ya vyama hivyo ilionekana katikati ya miaka ya 1990, ilipofichuliwa kwamba mipira mingi iliyoshonwa kwa mkono duniani ilitoka Sialkot, Pakistani, na kwamba maelfu ya watoto walikuwa wakiishona majumbani kwa malipo ya kipande. Vyama vya wafanyakazi na vya wanunuzi vilishambulia makampuni, na ushawishi uliozoea kuomba ushuru mwepesi ukalazimika kujibu maswali ya haki. Februari 1997, wakati wa maonyesho ya sekta hiyo mjini Atlanta, Chama cha Wafanyabiashara cha Sialkot kilitia saini makubaliano na Shirika la Kazi Duniani na UNICEF ya kuhamisha ushonaji kutoka nyumbani hadi vituo vinavyoweza kukaguliwa.

Miaka michache baadaye ushonaji wa mipira ulijaribiwa Kenya pia. Mwaka 2004 Mwingereza Jim Cogan alianzisha Alive & Kicking, shirika la kijamii lililofungua karakana Nairobi na kuajiri watu wazima kushona mipira ya ngozi ya Kenya, iliyokusudiwa kudumu katika viwanja vigumu na kubeba ujumbe wa afya kuhusu UKIMWI na malaria. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba Kenya ilikuwa na ngozi, mikono na soko. Lililobaki kuwa gumu ni kushindana na mpira wa plastiki kutoka Asia, ambao ulikuwa rahisi zaidi dukani hata baada ya kulipiwa ushuru.

Ushuru wa pamoja na vita vya ngozi: 2005 hadi 2015

Januari 2005 Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kutumia ushuru wa pamoja wa nje wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliokuwa na ngazi tatu: malighafi bila ushuru, bidhaa za kati asilimia 10, na bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Kuanzia hapo, ombi la kubadilisha ushuru halikuweza kuamuliwa na waziri mmoja wa fedha, kwa kuwa lilihitaji kukubaliwa na mawaziri wa nchi wanachama katika kikao kinachotangulia bajeti. Utaratibu huo uliongeza uzito wa vyama vikubwa, maana ni hivyo tu vilivyokuwa na watu wa kufuatilia jambo kutoka Nairobi hadi Arusha, na udhaifu wa makundi ya mikoani ukawa dhahiri zaidi.

Mfano mzuri ni wa ngozi. Wenye viwanda vya kusindika ngozi na kushona viatu walilalamika kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiuza nje ngozi mbichi, na wakaishawishi serikali kuitoza kodi inapotoka nchini, kodi ambayo katika nusu ya pili ya miaka ya 2000 ilifika asilimia 40, na baadaye kiwango cha Jumuiya kikapanda hadi asilimia 80. Lengo lilikuwa kubakiza malighafi nyumbani. Viwanda vya kusindika viliongezeka, lakini vingi viliishia kwenye hatua ya kwanza ya usindikaji na kuuza nje ngozi iliyosindikwa nusu, huku mfugaji na mchinjaji wa Kakamega wakikuta bei ya ngozi mbichi imeshuka kwa kuwa wanunuzi wa nje wamezuiliwa. Kinga iliyoombwa kwa jina la kiatu cha Kenya ilimfaa msindikaji kuliko fundi wa njumu.

Mgogoro wa mitumba: 2015 hadi 2018

Hakuna tukio lililoonyesha uwezo wa chama cha kibiashara kuliko mgogoro ulioanza wakuu wa nchi za Jumuiya walipoazimia, katika vikao vya 2015 na 2016, kupunguza na hatimaye kuondoa nguo na viatu vya mitumba katika muda wa miaka mitatu, ili viwanda vya ndani vipumue. Rwanda ilitangulia kwa kupandisha ushuru wa mitumba mara nyingi zaidi ya ule wa awali.

Machi 2017 chama cha Marekani cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika, kinachojulikana kama SMART, kiliwasilisha malalamiko kwa Mwakilishi wa Biashara wa Marekani. Kilidai kwamba hatua za Afrika Mashariki zilitishia ajira 40,000 nchini mwao na mauzo ya nje ya dola milioni 124, na kwamba zilikwenda kinyume na masharti ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoziruhusu nchi za Afrika zilizohitimu kuuza bidhaa huko bila ushuru. Kwa Kenya tishio hilo lilikuwa zito, kwani viwanda vyake vya maeneo ya usindikaji wa mauzo ya nje, kama vile vya Athi River, viliuza Marekani mavazi yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka. Kenya iliachana na mpango huo mapema, na Marekani ilipofungua uchunguzi wake Juni 2017 haikujumuishwa. Tanzania na Uganda zililegeza msimamo baadaye. Rwanda ilishikilia wake, na Julai 2018 mavazi yake yaliondolewa katika nafuu hiyo.

Uamuzi wa Kenya ulieleweka kama ushindi wa mitumba juu ya viwanda, lakini kwa hakika uligonganisha viwanda na viwanda: wale waliouza Marekani walitaka AGOA ibaki, na wale waliouza nchini walitaka mitumba itoke. Mchuuzi wa raba wa Kakamega, ambaye riziki yake ndiyo iliyokuwa ikijadiliwa, alinusurika bila kuzungumza, kwa kuwa maslahi yake yalisadifu kulingana na ya wauzaji wa Marekani.

Mpira wa juala na mfadhili wa kamari: 2017 na 2018

Katika miaka hiyohiyo, hatua mbili nyingine zilifika hadi viwanjani. Agosti 28, 2017 ilianza kutekelezwa marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyotangazwa miezi sita kabla na Waziri wa Mazingira Judi Wakhungu. KAM ilipinga vikali, ikisema kwamba viwanda 176 vingefungwa na ajira zaidi ya 60,000 kupotea, na wahusika wakaenda mahakamani, lakini Mahakama Kuu ilikataa kuisimamisha marufuku. Hapa ushawishi wa chama kikubwa ulishindwa na hoja ya mazingira iliyoungwa mkono na umma. Kwa watoto wa Kakamega, mfuko huo, uliojulikana kama juala, ndio uliokuwa malighafi ya mpira uliofungwa kwa kamba ambao kwa miongo kadhaa ulikuwa umechukua nafasi ya majani ya migomba. Bidhaa ya michezo iliyotengenezwa na watoto wenyewe ilipungukiwa na mali yake kwa uamuzi ambao katika mabishano yake yote mpira haukutajwa.

Hatua ya pili ilihusu kodi ya kamari. Serikali ilipoipandisha hadi asilimia 35 kuanzia Januari 2018, kampuni ya SportPesa, iliyokuwa ikiifadhili AFC Leopards, ilitangaza kusitisha ufadhili wake wa michezo nchini, na klabu zikajikuta zimetumiwa kama hoja katika mvutano kati ya waendeshaji wa kamari na Hazina ya Taifa. Kabla ya mwisho wa mwaka kiwango kilikuwa kimeteremshwa hadi asilimia 15, lakini ufadhili huo haukupata tena uthabiti, na mwaka 2019 kampuni hiyo ilijiondoa kwa mara nyingine. Klabu zilizokuwa zimezoea jezi za hisani zilitambua kwamba mfadhili naye ni mshawishi, na kwamba maslahi yake hayalingani na yao kila wakati.

Wachuuzi wajipanga: 2020 hadi 2022

Mwishoni mwa Machi 2020, wakati wa janga la korona, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mitumba kwa sababu za afya, na baadhi ya viwanda vikaona nafasi ya kuifanya marufuku hiyo idumu. Safari hii wafanyabiashara wa mitumba walijibu kwa chama chao wenyewe. Walijadiliana na Wizara ya Biashara kuhusu utaratibu wa kufukiza marobota, na Agosti mwaka huo bidhaa hiyo ikaruhusiwa tena. Mwaka 2021 Taasisi ya Masuala ya Uchumi ya Nairobi ilichapisha ripoti iliyoandaliwa kwa ushirikiano na chama hicho, ikieleza kwamba Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za nguo za mitumba mwaka 2019. Umuhimu wa ripoti hiyo ulikuwa katika mbinu: kundi ambalo zamani lilikuwa linalalamika sokoni sasa lilikuwa limejifunza kuzungumza kwa takwimu, kama wenye viwanda walivyofanya tangu miaka ya 1960, na katika kampeni za uchaguzi wa 2022 hakuna mgombea aliyeweza kuigusa mitumba bila kujibiwa.

Wenye viwanda nao hawakulala. Mei 2022 mawaziri wa Jumuiya walikubaliana kuongeza ngazi ya nne ya ushuru wa pamoja, ya asilimia 35, iliyoanza Julai mwaka huo na kugusa bidhaa zinazoweza kupatikana kwa wingi ndani ya ukanda, yakiwemo mavazi na bidhaa za ngozi. Kwa kampuni kama Enda, iliyoanzishwa na Navalayo Osembo pamoja na mshirika wake na kuutambulisha ulimwenguni mwaka 2016 mradi wake wa kiatu cha kukimbilia kiitwacho Iten, kinga ya bidhaa iliyokamilika hutatua nusu ya tatizo tu, kwa kuwa kiatu cha kisasa cha mbio huunganishwa kwa vitambaa na soli maalumu ambazo kwa sehemu kubwa hutoka nje.

Katiba, kaunti na mlango uliofunguka

Mabadiliko yenye uwezo wa kugeuza mwelekeo wa historia hii hayakutokana na chama chochote cha kibiashara. Katiba ya 2010, katika ibara ya 118, inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika utungaji wa sheria, na jedwali lake la nne limezipa kaunti mamlaka juu ya shughuli na miundombinu ya michezo, masoko na leseni za biashara. Chini ya gavana wake wa kwanza, Wycliffe Oparanya, Kaunti ya Kakamega ilianza kuupanua uwanja wa Bukhungu, ambao Desemba 2017 ulipokea mechi za Kombe la Chalenji la CECAFA, na katika raga timu ya Kabras, inayofadhiliwa na kiwanda cha sukari cha eneo hilo, ilikuwa imetwaa Kombe la Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Shule, klabu na serikali ya kaunti kwa pamoja zimekuwa mnunuzi mkubwa wa mipira, jezi na njumu.

Mnunuzi wa ukubwa huo bado hajawa mshawishi. Katika karne moja, kila uamuzi mkubwa uliogusa bidhaa za michezo Kakamega, kuanzia ushuru wa Bowring hadi ngazi ya asilimia 35, ulifanywa kwa hoja za watu wengine, na pale wakazi walipofaidika, kama katika mikataba ya Bonde la Kongo au malalamiko ya SMART, walifaidika kwa sadfa. Mfano wa wachuuzi wa mitumba unaonyesha kwamba hali hiyo hubadilika kundi linapokuwa na chama, takwimu zake na ombi linalotaja sura na kifungu cha kitabu cha ushuru. Mapendekezo ya ushuru wa Jumuiya hukusanywa na wizara miezi kadhaa kabla ya mawaziri kukutana, na yaliyoafikiwa huanza kutumika Julai mosi. Kwa hiyo chama cha walimu wa michezo au cha wauza vifaa wa Kakamega kitakachongoja hotuba ya bajeti ya Juni ndipo kilalamike, kitakuwa kimechelewa mwaka mzima.